Uso wa Kwanza wa Mwatumu

Sogeeni. Mwenye haraka aende zake, mwenye masikio abaki nayo. Mtego huu si wa watoto, si ile nyumba isiyo na mlango. Huu umewagombanisha mashangazi hadi wakarudishiana vyombo walivyoazimana, na mwalimu mmoja mstaafu aliutafuna, akautafuna, akautema kama mfupa. Nyinyi mnaojiona mna akili za kuuza, leo tutajua kama zina mnunuzi.

Haya. Walikuwako watu watatu mtaa wa Makorora, mjini Tanga, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Nyamvua. Huyu alikuwa somo, yaani mama anayemfunda mwari, akamsugua na kumwosha kabla ya harusi. Kipaji chake kilikuwa kutunza siri ya mwili. Ukucha wa mwari, unywele wa mwari, hata takataka ya singo aliyosuguliwa, vyote alivikusanya na kuvizika, na mahali alipovizika hapakujulikana na mtu ila yeye na Mola wake. Akiulizwa hucheka tu. Mdomo wake na kaburi ni mtu na dada yake.

Wa pili ni Mbwana, mnunuzi wa plastiki kuukuu. Kipaji chake kilikuwa kuchambua. Mwagia Mbwana gunia zima la takataka, mfunge macho kwa kanga, vidole vyake vitakwambia hii inayeyuka, hii haiyeyuki, hii ilikuwa na mafuta ya nywele na mwenye nazo alikuwa bahili. Na mdomo nao alijaliwa. Baiskeli yake ikiwa bado Barabara ya Ishirini, sauti yake imeshafika nyumbani inadai chai.

Wa tatu ni Semeni, fundi cherehani. Kipaji chake mwenyewe alikiita kutunza. Mtaa ulikiita uchoyo. Pipi aliyopewa Semeni leo utaikuta Ramadhani ijayo, imefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa nacho kimefungwa.

Katikati ya hao watatu alikaa Mwatumu: mdogo wake Mbwana, mwari wa Bi Nyamvua, shoga wa Semeni. Na huyu hakuwa na kipaji. Alikuwa na jicho.

Jicho moja, maana la kulia lilishajisalimisha zamani. La kushoto ndilo lililofanya kazi ya mawili, na lenyewe lilikuwa na ugonjwa. Kioo chake cha mbele kilichongoka kama ncha ya yai, na miwani ya namna yoyote haikulifaa. Likiwa tupu, kwa Mwatumu mtu na kabati ni ndugu wa tumbo moja. Alishawahi kumwamkia shikamoo pazia. Dawa yake ilikuwa lenzi, vile vigamba vyembamba vinavyovaliwa juu ya mboni. Alivaa viwili kwa mpigo. Chini kigamba laini cha siku moja, kama godoro. Juu yake kigamba kigumu, kidogo kuliko gamba la changu, kilichochongwa Dar es Salaam kwa kipimo cha jicho lake na la mtu mwingine yeyote hapana. Kikipotea hicho, kungoja kingine ni miezi.

Jioni alivitoa. Kigumu kililala ndani ya maji ya dawa, kwenye kibweta chake cheupe. Kile laini kazi yake ilikuwa imekwisha, na hapo ndipo wengi mnapokosea, msijifanye hammo. Mnakitupa kwenye sinki. Kliniki ya macho walimkanya Mwatumu mapema kabisa: "Dada, hiki hakiozi. Kinavunjikavunjika kinakuwa unga, unga unafika baharini, kibua anakula, halafu wewe unamkaanga kibua." Basi Mwatumu akaweka kopo la maziwa ya unga dirishani, akawa anavitia humo vigamba vyake vilivyochoka, vikikauka na kujikunja kama maganda ya kitunguu. Kopo likijaa hulipeleka kliniki, nao wana pa kuvipeleka vikayeyushwe kwa pamoja.

Na vile vikopo vidogo vya plastiki, vyenye kifuniko cha foili, ambamo kila kigamba kipya huja kimelala ndani ya maji yake? Hivyo vilikuwa vya Mbwana. Aliibandua foili mpaka uzi wa mwisho, akaosha, akaanika. Alivikusanya vya dada yake, akavifuata na vya wagonjwa wa kliniki, akajazia na vizibo vya chupa, akaviyeyusha pole pole kwenye oveni kuukuu ya mwoka mikate, akavikandamiza kwenye umbo alilochonga mwenyewe. Kikatoka kigoda. Kizito, cheupe chenye madoadoa ya buluu, cha bi harusi kukalia.

"Tumu," alimwambia dada yake, "siku ya harusi utakalia macho yako yote ya zamani. Bi harusi gani mwingine Tanga hii anakalia alichokionea?"

"Na kikivunjika nikaanguka mbele ya wakwe?"

"Kigoda cha Mbwana kivunjike? Kaa hapo, wapakate na wakwe, mwite na kadhi."

Ila foili, ndugu zangu, ina meno. Vidole vya Mbwana kwa kumalizia kile kigoda vilikuwa vimechanika chanjachanja. Likumbukeni hilo.

Na kumbukeni na hili, ndilo mzizi wa yote. Tangu Mwatumu msichana, alfajiri akivaa lenzi, mama yake alikuja kukaa mbele yake, goti kwa goti. Mwatumu alifumba, akavaa, akafumbua. Na ule moshi wa jichoni ulipoondoka, kitu cha kwanza duniani kikawa uso wa mama. "Umeniona?" "Nimekuona." "Haya, sasa waone na wengine." Kila siku hivyo. Mama alipofariki, Mwatumu alianza kuvaa lenzi akiwa ameukabili ukuta. Wengi walijitolea kukaa pale. Shangazi alijitolea, Mbwana alijitolea kwa kujidai anatania. Mwatumu alisema hapana, ukuta unatosha. Mahali pa mama pakabaki wazi.

Sasa posa ikaja. Twahiri, kijana wa Pongwe, mwuza vipuri, mpole kama maji ya mtungini. Harusi ikapangwa Ijumaa baada ya sala.

Jumatano Bi Nyamvua alimfungia mwari wake chumbani kwa singo. Liwa, manjano, mafuta ya nazi, chumba chote kinanukia.

"Na hicho cha jichoni kitoe," alisema. "Manjano hayachagui."

Mikono ya Mwatumu ilikuwa imeshapakwa. Alivitoa kwa ncha za vidole, na kwa yale mafuta kile kigumu kikatoka kimegandamana na kile laini, vimebebana kama mtoto na mgongo wa mama. Yeye hakuona, maana alishakuwa kwenye moshi wake. Alinyoosha kiganja.

"Somo, pokea. Kigumu kwenye kibweta, laini kwenye kopo la dirishani."

Bi Nyamvua alipapasa. Kitu kimoja tu, chembamba, chenye maji. Akajisemea, kigumu atakuwa keshakiweka mwenyewe. Hiki ndicho takataka. Kisha akalitazama lile kopo dirishani, na moyo ukamruka. Vitu vilivyotoka mwilini mwa mwari vimeanikwa hapo, kila mpita njia avione! Alishika kichwa. Hakuuliza, maana somo haulizi. Alimimina kopo zima kwenye kitambaa chenye kucha na nywele na mabaki ya singo, akatia na hicho kipya juu, akafunga fundo. Jua lilipopinda alitoka nacho chini ya kanga, akaenda kuzika anakokujua.

Mnamcheka? Msimcheke. Kliniki na Bi Nyamvua walikuwa na neno moja: kilichotoka mwilini hakitupwi ovyo. Walitofautiana shimo tu.

Alhamisi asubuhi Mwatumu alifungua kibweta. Akaingiza kidole. Maji matupu.

"Somo," aliita taratibu, "jicho langu liko wapi?"

Mwatumu, aliyezoea kuwasikiliza watu kwa kuwa hakuwaona, alisikia pumzi ya Bi Nyamvua ikikatika. Akajua limepotea.

Nyumba ilipinduka. Mbwana aliingia kama mafuriko, anatikisa godoro, anakung'uta mkeka, anawapigia kelele mashangazi wasikanyage kitu. "Tokeni! Tokeni, kutafuta ni kazi ya wenyewe! Mimi hapa nimeshawahi kuokota hereni kwenye..." Pwa! Chini ya kandambili yake kikapasuka kikopo. Ndani yake kulikuwa na kigamba laini cha mwisho cha Mwatumu, alichokiweka kwa ajili ya Ijumaa. Boksi jipya lilikuwa bado halijatoka Dar.

Mbwana akainua mguu, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Nini hicho?" aliuliza Mwatumu.

"Si kitu."

"Kaka."

"...Ni cha kesho."

Mwatumu hakulia. Aligeuka akaukabili ukuta, na watu wakatazamana. Akasema na ukuta:

"Mwambieni Twahiri aahirishe. Kesho atanifunua shela, ataniona mimi, na mimi nitaona moshi umevaa kanzu? Mume wangu nimkaribishe kwa kumpapasa kama nazi sokoni? Sitafunuliwa uso na mtu nisiyemwona."

"Tumu, karamu imeshapikiwa vitunguu," alisema Mbwana.

"Basi vileni hivyo vitunguu." Kisha sauti yake ikashuka. "Atakayenirudishia jicho langu kabla ya kesho, nitavaa nikimkabili yeye. Uso wake ndio utakuwa wa kwanza. Nitampa mahali pa mama."

Hapo, hata mashangazi walinyamaza. Na kuwanyamazisha mashangazi wa Makorora, jamani, si kazi ya maneno madogo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bi Nyamvua. Mnajua somo akifukua alichozika inakuwaje? Hana kazi tena. Watu husema mkono wake umefunguka, siri za binti zao zitatembea. Mama huyu aliwaosha wari wa Makorora, akawaosha na binti za wari wale. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na jina tu. Alijifunga kanga kiunoni na kumwambia Mbwana, "Mume wangu, chukua jembe na karai. Nifuate. Leo namaliza kazi."

"Mke wangu," Mbwana alijaribu kutania, maana wao ni bibi na mjukuu kwa utani, "hatuwezi kwenda mchana hivi, watu watatuona."

"Ndiyo maana nimesema namaliza."

Yaliyotokea huko Mwatumu aliyapata kwa Mbwana, aliyeyasimulia kwa sauti ya chini, na Mbwana kuwa na sauti ya chini ni habari yenyewe. Bi Nyamvua alimpeleka nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kwenye mgomba unaokunywa maji ya bafuni. Mtaa mzima ukichungulia juu ya makuti, alinyoosha kidole: hapa. Na Mbwana alipoinua jembe akamshika mkono. "Usisogee kushoto. Kushoto pana vya mama yenu, vya siku alipoolewa." Mbwana akasimama na jembe hewani. "Vipo bado?" Bi Nyamvua akatikisa kichwa. "Vimeshakuwa ndizi. Mlikuwa mnakula hamjui, mlipokuwa wadogo. Ila hivi vya dada yako vya dirishani, nasikia havigeuki kitu. Hata kiyama mgomba huu ungefufuka navyo."

Taabu ikawa moja. Bi Nyamvua akizika haachi fundo. Hufungua kitambaa, akavichanganya vyote na udongo na majivu, akakanyaga, ili hata jini asiweze kuvichambua.

Jini hawezi. Mbwana anaweza.

Alirudi na karai limejaa tope la manjano, akakaa uani chini ya dirisha la Mwatumu. Wachambuzi wa plastiki wana njia yao: hawatafuti kitu, wanakifanya kitu kijitoe. Unatia maji chumvi mpaka maji yenyewe yawe mazito. Mchanga na udongo huzama, plastiki nyepesi hupanda juu ikikutafuta wewe. Mbwana alipita jikoni akabeba chumvi yote ya pilau ya harusi. Wapishi walimfukuza na mwiko.

"Kesho watu watakula wali baridi, hauna chumvi!"

"Watakula dada yangu akiwaona, hiyo ndiyo dua yenyewe!"

Kisha akazamisha mikono. Ile iliyochanika kwa foili. Ndani ya maji ya chumvi kali.

Mwatumu chumbani alisikia *sss*, ya mtu aliyeshika chuma cha moto. Akasikia maji yakikorogwa. Alingoja majigambo ya kaka yake, jinsi ambavyo huyangoja kila siku apate kuyachoka. Hayakuja. Kwa mara ya kwanza maishani Mbwana alikuwa anafanya kazi kimya.

Juu ya maji vikaelea nywele, makapi ya singo, na vigamba, vigamba, vigamba, vya kopo zima. Vikavu vile vilipokunywa maji vilikunjuka vikalainika tena, vyote vinafanana, vyote vinateleza. Kuvitazama hakusaidii, havina rangi. Mbwana akafumba macho, akawa anavibinya kimoja kimoja kati ya kidole na kidole kinachovuja damu. Hiki kinakunjika, weka koponi. Hiki kinakunjika, weka koponi. Kivuli cha ukuta kilihama kutoka mguu wake mmoja kwenda wa pili. Ndipo kimoja kikakataa kukunjika.

"Tumu!" Sauti ikarudi yote. "Tumu, jicho lako hili hapa! Limeshikwa na homa ya manjano!"

Vigelegele. Lakini ngojeni, msimalizie udi. Jicho lenyewe lilikuwa la manjano, limepakwa mafuta na majivu, na Bi Nyamvua alikuwa ameshaleta maji ya waridi ya kulioshea.

"Bi Nyamvua, shikamoo," ikasema sauti mlangoni. "Jicho si pilau. Leta huku."

Alikuwa Semeni. Semeni na Mwatumu walifahamiana kwenye benchi la kliniki, maana ugonjwa wao mmoja, bila lenzi Semeni naye huona moshi tu, na hata vigamba laini daktari aliwaandikia aina moja, kipimo kimoja. Alikipokea kile kigumu, akakisugua kwa maji yake ya dawa, tone kwa tone, na kwa Semeni kila tone ni mtoto. Kilipotakata akakilaza ndani ya dawa kisafike mpaka kesho, chupa yake ikakauka.

"Laini ya kuweka chini unayo?" Mwatumu alimwuliza. "Bila hiyo hakikai, kitanikwangua."

"Sina," alijibu Semeni.

Alijibu haraka mno. Semeni akaaga, akatoka; nyayo zake zikaenda hadi kwenye kizingiti, zikasimama hapo. Zikaenda. Baada ya kitambo zikarudi.

"Ninacho kimoja," alisema. "Cha mwisho mpaka boksi lije. Nilisema uongo. Shoga, lile gauni lako la harusi nimelishona miezi, kila ushanga nimeutia mwenyewe. Nilikiweka ili kesho nikuone ukitoka umelivaa."

"Basi kivae, Semeni. Ni haki yako."

"Nimefika nyumbani nikakishika. Nikajiona nimekaa ukumbini naliona gauni, na ndani ya gauni hayumo mtu." Akaweka kikopo kwenye kiganja cha Mwatumu, foili yake nzima haijaguswa, akavikunja vidole vya mwenzake juu yake kwa nguvu, kama anayehofia mkono wake mwenyewe. "Kesho unishike mkono. Mimi harusi nitasimuliwa. Wewe ione."

Ijumaa sala imekwisha. Twahiri yuko barazani na kanzu yake, anakohoa kwa adabu. Chumbani Mwatumu amekaa kwenye kigoda, juu ya macho yake yote ya zamani, gauni linameremeta hadi sakafuni. Amenawa mikono. Amefumba. Ametia kile laini, akatia kile kigumu juu yake, na hajafumbua.

Mbele yake, goti kwa goti, amewakalisha wote watatu. Haoni, lakini anawajua. Kushoto harufu ya udi na liwa: Bi Nyamvua, ambaye asubuhi hiyo mama mmoja wa mtaa wa pili ameshatuma salamu kwamba binti yake atatafutiwa somo mwingine. Katikati harufu ya chumvi, na vidole vilivyofungwa vitambaa: Mbwana, amekaa kimya kinachomwasha. Kulia mafuta ya cherehani: Semeni, ambaye uso wake umegeukia upande usio sahihi kidogo, kama watu wa moshi wanavyofanya.

Mlangoni mashangazi walishashikana kwa maneno.

"Ni Bi Nyamvua! Bila yeye kuonyesha shimo, mngechimba Tanga nzima. Na ametoa jina lake, mtu akishatoa jina ana nini tena?"

"Na nani alilizika? Mwizi akirudisha kuku apewe jogoo?"

"Ni Mbwana basi. Shimo si jicho, shimo ni tope. Tazama mikono ya mtoto wa watu."

"Mikono hiyohiyo na mguu uliokanyaga cha mwisho! Ni Semeni. Jicho lingebaki kibwetani kama pete isiyo na kidole. Yule ametoa macho yake mwenyewe, jamani, macho!"

"Baada ya kusema hana?"

"Alirudi!"

"Hata Mbwana alirudi. Hata Bi Nyamvua alirudi!"

Barazani Twahiri akakohoa tena. "Na mimi je?" aliuliza pole pole.

"Wewe kaa," wakamjibu kwa pamoja. "Una maisha mazima ya kutazamwa."

"Mwanangu," alisema Bi Nyamvua, "mtazame kaka yako."

"Mtazame Semeni," alisema Mbwana. "Mimi uso wangu unaujua, haujawahi kukosa mahali."

"Mtazame somo wako," alisema Semeni. "Mimi hata ukinitazama sitajua."

Na hapo ndipo Mwatumu alipokaribia kulia, na Mbwana akaona. "Usilie, Tumu! Ukilia kitatoka, na chumvi imekwisha mtaa mzima!"

Mwatumu akacheka ndani ya kilio, akakizuia. Chini ya kope joto limeanza kujaa. Hawezi kufumba zaidi. Jicho ni moja. Likifunguka halitafunguka kwa watatu. Mahali pa mama ni pa mtu mmoja, na neno alilisema mbele ya watu. Anavuta pumzi. Kichwa chake kinaanza kugeuka.

Hapo namwacha, msinitolee macho. Nyinyi mmekaa kutwa mnanicheka, na macho mnayo mawili mawili, ya bure, ya kuamka nayo. Basi mwazimeni Mwatumu shingo. Aliyetoa siri yake, aliyetoa mikono yake, aliyetoa mwanga wake: kope hizo zikiinuka, ziinukie kwa nani? Wewe uliyekaa karibu na mlango, unayetaka kutoroka. Anza wewe.